Mazinde: Ikulu ya Bonde na Kalamu ya Karani

Basi la Moshi likishapita Mombo, milima ya Usambara inabaki upande wa kulia, na chini yake, wilayani Korogwe, ndipo ilipo Mazinde. Abiria wengi hupita wakiangalia mkonge tu. Karne ya 19, hata hivyo, msafara uliotoka Pangani kufuata mto kuelekea Kilimanjaro haukupita hapa bila mtawala wa hapo, Semboja, kujua.

Semboja alikuwa Mkilindi, na habari za Wakilindi huanzia upande wa pili wa Mto Pangani. Mapokeo yanasema babu yao Mbegha alizaliwa Ngulu akiwa kigego, mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu. Mtoto wa namna hiyo alihesabiwa nuksi. Alipokua ndugu zake wakamnyima urithi, naye akahamia Kilindi, nchi iliyokuwa sehemu ya wilaya ya Handeni hadi 2002. Huko nako mambo yakamharibikia: mtoto wa mkubwa wa Kilindi aliuawa na nguruwe mwitu katika windo la Mbegha, naye Mbegha akakimbia na mbwa wake kupitia Uzigua hadi akapanda Usambara. Washambaa walimpenda kwa nyama aliyowagawia na kwa kuwaondolea nguruwe mashambani. Alipoua simba njiani kwenda Vuga, wakamtawaza.

Ufalme huo ulisimama juu ya mvua. Mfalme wa Vuga alitakiwa kuiponya nchi kwa matambiko na dawa zake, na mwenye uwezo huo aliaminika pia kuweza kuizuia mvua isinyeshe. Vuga penyewe, makao ya mfalme, palikuwa na miiko yake. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipofika mwaka 1857, mfalme Kimweri ye Nyumbai, mzee sana kwa wakati huo, aliwapokea, lakini malazi yao yaliwekwa nje ya mji. Alichokitaka kwao hasa ni dawa ya kumrudishia ujana.

Dini za kigeni zilikuwa zimeshaanza kubisha hodi. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika Vuga mwaka 1848 na tena 1852 akitafuta mahali pa kuhubiri, akakuta baadhi ya wana wa mfalme wameshasilimu. Wajukuu wa mwinda nguruwe ndio hao, wamekuwa Waislamu! Pwani ilikuwa na nguo, bunduki na barua, na mtoto wa mfalme aliyetaka kwenda na wakati alijua pa kutazama.

Kimweri alipofariki mwaka 1862, mwanawe Semboja hakuridhika kuona kiti cha Vuga kikienda kwa mjukuu, Shekulwavu. Akaungana na Wazigua, waliokuwa wametangulia kupata bunduki kutoka pwani, akamfukuza, na Vuga ikateketea. Ajabu ni alichofanya baadaye: hakuhamia Vuga. Alimweka mwanawe Kimweri Maguvu huko juu penye matambiko, yeye akabaki Mazinde penye biashara. Pembe za ndovu zilipita hapo, na watumwa pia, wengine wao Washambaa wenyewe. Ukoo uliotawazwa ili uiponye nchi ukawa unauza wenyeji wake, na hilo Washambaa hawakulichukulia kama biashara ya kawaida.

Kwa Semboja kulikuwa na karani, Abdallah bin Hemedi bin Ali al-Ajjemy, Mwislamu kutoka pwani. Alikaa Mazinde miaka mingi, akawasikiliza wazee na kuyaona mengi kwa macho yake. Baadaye, chini ya Wajerumani, alikuwa liwali wa Tanga. Ndiye aliyeandika Habari za Wakilindi, na katika sehemu za mwisho yeye mwenyewe anatokea, akijitaja kwa jina kana kwamba anamsimulia mtu mwingine.

Aliyekichapa kitabu hicho ni nani? Wamisionari wa Kiingereza wa shirika la UMCA waliokuwa Magila, Msalabani, karibu na Muheza, tangu 1868. Kilitoka kwa mafungu, la mwisho mwaka 1907. Matambiko na nguruwe wa Mbegha vimehifadhiwa kwa kalamu ya Mwislamu na kupigwa chapa na mapadre, wala hakuna dalili kwamba karani aliona taabu kuyasimulia.

Utawala haukudumu kama maandishi. Semboja alifariki mwaka 1895, na mwaka huohuo Wajerumani wakamnyonga mwanawe Mputa. Reli ilifika Mombo ndani ya miaka kumi, mashamba ya mkonge yakafuata, na njia ya misafara ikafa. Imani ya mvua ilichelewa zaidi kufa. Waingereza walipomrudisha Kinyashi, Mkilindi aliyewahi kutawala, kwenye kiti mwaka 1926 walitaka mtu wa kuwakusanyia kodi, huku raia wengi wakimwogopa kwa mambo ya mvua. Mwaka 1929 akajiuzulu.

Toleo jipya la Habari za Wakilindi lilitoka Nairobi mwaka 1962, na tafsiri ya Kiingereza ikafuata mwaka 1963, mwaka ambao Tanganyika ilifuta uchifu.