Mzigo Kwanza, Injini Mwisho

Miaka ya 1980, nilipokuwa mkuu wa chuo kimoja cha ualimu huku Mara, jenereta yetu ilitunzwa na mzee mmoja wa Bunda. Jioni aliwasha injini, akaiacha ipate moto, ndipo akayafungulia majengo umeme, moja baada ya jingine. Kuzima alianza kinyume: mzigo kwanza, injini mwisho.

Usiku mmoja hakuwapo, nikazima mwenyewe. Nilipunguza mwendo wa injini huku pampu ya maji ingali inavuta umeme. Nguvu ya umeme ikashuka, mota ikazidi kupata moto, ikaungua. Wanachuo walibeba ndoo majuma mawili. Lawama ilimwangukia mzee, nami nikanyamaza.

Majuto ni mjukuu. Wangu ni fundi simu mjini Musoma. Alinionyesha chipu ndogo kuliko ukucha, isimamiayo umeme ndani ya simu. Kila sehemu huipa umeme kwa zamu yake na kwa kiasi chake. Wakati wa kuzima, kwa kawaida zamu hugeuzwa. Zamu ikikosewa, kifaa huweza kuharibika.

Nikamkumbuka Mwalimu Nyerere wa Butiama. Nchi aliipokea kwa hatua: serikali ya madaraka Mei 1961, Uhuru Desemba, Jamhuri Desemba 1962. Kutoka nako kulikuwa kwa hatua: urais mwaka 1985, uenyekiti wa CCM mwaka 1990. Wapo waliomwona anachelewa. Mimi namwona alitua mzigo kabla ya kuzima injini.

Yule mzee alifariki kabla sijamwomba radhi. Kosa la pampu lilikuwa langu.