Nundu ya Fahali wa Isukha

Aghalabu mtu akitajiwa miji ya kale ya Bara Hindi hudhani kwamba ni habari za mbali zisizomhusu mwenyeji wa Kakamega. Lakini aliyepata kusimama asubuhi na mapema katika uwanja wa Khayega au Malinya, ngoma za isukuti zikirindima na mafahali wawili wakiletwa kukabiliana, amekwisha kuona kwa macho yake mojawapo ya athari za ustaarabu ule, nayo ni nundu iliyo juu ya mabega ya fahali.

Mwaka 1921 mwanaakiolojia Daya Ram Sahni alianza kuchimba mji wa Harappa, na mwaka uliofuata R. D. Banerji akaanza Mohenjo-daro, katika jimbo la Sindh. Na John Marshall, mkuu wao wa kazi, alipoutangazia ulimwengu habari hizo mwaka 1924, ikadhihirika kwamba tangu yapata mwaka 2600 kabla ya Masihi palikuwapo miji ya njia zilizonyoka, matofali ya kuchoma, visima, na mifereji ya maji machafu iliyofunikwa. Lakini katika vyote vilivyofukuliwa, kinachonivuta mimi ni muhuri mdogo wa jiwe laini, unaoenea katika kiganja, ambamo fundi alichonga fahali mwenye pembe ndefu, nundu iliyosimama, na ngozi ya kooni inayoning'inia mikunjo kwa mikunjo. Na juu yake mstari wa hati ambayo hadi leo hakuna aliyeweza kuisoma. Mihuri ya fahali huyu ni michache, kwani wachongaji walimchonga zaidi mnyama wa pembe moja, nami naona uchache huo wamzidishia heshima.

Ng'ombe wa nundu alifugwa kabla ya miji yenyewe. Huko Mehrgarh, karibu na njia ya milima ya Bolan, Jean-François Jarrige na wenzake, walioanza kuchimba mwaka 1974, walikuta mifupa inayoonyesha jinsi watu walivyoacha uwindaji pole pole wakashika ufugaji, zaidi ya miaka 5000 kabla ya Masihi.

Habari ya kuja kwake Afrika imehifadhiwa katika damu yake. Ukifuata ukoo wa ng'ombe wetu wa nundu upande wa mama, wafika kwa ng'ombe wa Afrika asiye na nundu. Ukifuata upande wa baba, wafika Asia ya Kusini. Basi waliovushwa bahari walikuwa hasa madume, maana dume mmoja hutosha kundi zima, nao walizidi kuenea katika karne za biashara ya Bahari ya Hindi baada ya Uislamu. Kisha sotoka ya miaka ya 1890, iliyofagia makundi ya Afrika Mashariki, inaaminika kuwa iliwapa ng'ombe wa nundu nafasi zaidi, kwa ustahimilivu wao.

UNESCO iliiandika Mohenjo-daro katika orodha zake za urithi mwaka 1980, na isukuti mwaka 2014. Nasaba ya fahali nayo yastahili kuandikwa, maadamu wafugaji, na haki wanayo, wanapandisha Friesian na Ayrshire wapate maziwa, na madume wa kienyeji wanazidi kuwategemea wenye mafahali wa kupigana wa jamii za Isukha na Idakho za Kakamega. Natamani idara ya mifugo ya kaunti ianze daftari lao, jina la kila fahali pamoja na baba yake na mama yake, ilhali wazee wanaozijua nasaba hizo wangali hai.