Kijana wa Tovuti pale Makutano Hakujitengeneza Peke Yake

Kuna hadithi tunayoipenda sana. Kijana wa Makutano, pale Meru, hana kazi na hana mtaji. Anajifunza kutengeneza tovuti kwa simu na bando za kuunga-unga. Baadaye anapata laptopu iliyotumika, halafu wateja: hosteli ya wanafunzi, duka la vifaa vya ujenzi, shule ya kibinafsi, jamaa wa kupandisha wageni Mlima Kenya. Leo ana kaofisi ghorofani na ameandika msaidizi. Sote tunapiga makofi: huyu amejitengeneza mwenyewe!

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo watu hudhani hiyo ndiyo hadithi ya kunifurahisha. Wacha niseme ukweli: bidii ya huyo msee siipingi hata kidogo. Shida ni kwamba tunaianza hadithi katikati. Barabara anayofanyia biashara ilichimbwa kabla hajazaliwa, na kuna watu waliipigania.

Rudi Aprili 1993. Tarehe 29, Kenya ilipata herufi zake mbili kwenye intaneti, .ke. Kesho yake, tarehe 30, kituo cha utafiti cha CERN kule Uswisi, ambako Tim Berners-Lee alibuni wavuti, kilitangaza kwamba teknolojia hiyo ni ya watu wote, bure. Wangeamua kutoza kila anayetengeneza ukurasa, kijana wetu angeanzia wapi?

Mwaka 1994 Wakenya watatu waliosomea Marekani, Ayisi Makatiani, Karanja Gakio na Amolo Ng'weno, walianzisha Africa Online, mojawapo ya kampuni za kwanza kuuzia Wakenya intaneti. Lakini intaneti ya siku hizo ilikuwa na kituko. Ukimtumia barua pepe mtu wa mtaa wa pili, na yeye anatumia kampuni nyingine, ujumbe ulipanda setilaiti, ukaenda ng'ambo, ukarudi Kenya kwa setilaiti tena. Ni kama kutuma kifurushi kutoka Makutano hadi soko la Gakoromone, mwendo wa boda tu, halafu uambiwe lazima kipitie London. Na nauli unalipa wewe.

Novemba 2000, kampuni za intaneti zikasema imetosha. Zikafungua KIXP jijini Nairobi, kituo cha kubadilishana data hapa hapa nyumbani. Kwa lugha rahisi: makutano. Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba wa kupitisha data kwenda nje, ikalalamika. Baada ya kama wiki mbili, tume ya mawasiliano ya wakati huo, CCK, ikakifunga kituo. Watu walikuwa wameshika waya wa kuunganisha majirani, wakaambiwa ni kosa!

Hawakwenda nyumbani kulala. Walibishana na wakubwa, wakapeleka kesi kwenye baraza la rufaa, wakapata leseni, na Februari 2002 KIXP ikafunguliwa tena. Safari ya data iliyokuwa ikichukua zaidi ya sekunde moja ikawa ya kufumba na kufumbua. Mwaka huohuo wa 2002, usimamizi wa .ke, ambao upande wa mitambo ulikuwa ukishughulikiwa na Mmarekani Randy Bush kutoka mbali, ulikabidhiwa KENIC. Jina la nchi likarudi nyumbani.

Sasa njoo kwenye kifaa chenyewe. Vijana wengi wa tovuti hutumia WordPress. Ilitoka 2003, na mmoja wa waanzilishi wake, Matt Mullenweg, alikuwa na miaka 19. Mwaka uliofuata akaacha chuo. Naona mmetabasamu. Lakini ngoja: Mullenweg na Mike Little hawakuanza na karatasi tupu. Walichukua programu iliyoitwa b2, ya Mfaransa Michel Valdrighi, iliyokuwa na leseni inayomruhusu yeyote kuiendeleza. Hata huyo shujaa wetu wa kuacha chuo alisimama juu ya kazi ya mwingine.

Mengine mnayakumbuka au mmesimuliwa. M-Pesa ilikuja Machi 2007. Nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilianza kazi 2009, tukaachana na kutegemea setilaiti. Mwaka 2017 Safaricom ikafungua Daraja, na mtengeneza tovuti akaweza kuunganisha malipo ya M-Pesa moja kwa moja. Mteja wa Makutano hana kadi ya benki? Si neno, ana simu.

Kwa hivyo chake mwenyewe ni kipi? Ni kuaminika. Mwaka 2011 Google na washirika wake walianza kuwapa wafanyabiashara wadogo wa Kenya tovuti za bure, na jina la .co.ke juu. Kama tovuti tu ndiyo bidhaa, biashara hii ingekufa siku hiyo. Haikufa, kwa sababu mwenye hosteli anataka mtu atakayekumbuka kulipia jina lisipotee mwakani, atakayebadilisha namba ya simu, atakayepatikana Jumamosi tovuti ikianguka.

Na hapa ndipo historia inatuuliza swali. Kuna watengeneza tovuti wanaosajili jina la mteja kwa jina lao wenyewe. Mteja akitaka kuhama, anaambiwa hakuna funguo. Ukifanya hivyo, wewe ni ule ukiritimba wa mwaka 2000, tofauti ni ukubwa wa ofisi. Umekula matunda ya milango iliyofunguliwa, halafu unafunga wako.

Tena kuna jambo kubwa zaidi. Tarehe 25 Juni 2024, siku ya maandamano dhidi ya Mswada wa Fedha, intaneti ilizorota nchini kote. Safaricom ilisema nyaya zake mbili za chini ya bahari zimepata hitilafu. Wengi hawakuamini. Lakini siku hiyo kila kijana wa tovuti alijua, hata kama ni kwa saa chache, kwamba laptopu yake pekee haina biashara.

Hiyo ndiyo sababu siipendi ile hadithi ya kujitengeneza. Siyo uongo mdogo wa kutupa moyo tu. Mtu anayeamini alifika peke yake hajali barabara ikifungwa. Atadhani ni shida ya wengine. Wale wa KIXP walijua ni yao, ndiyo maana waliipigania. Wewe unayeanza leo, msajilie mteja jina lake kwa jina lake, mpe funguo zake. Na siku wakubwa wakitaka kufunga njia, usinyamaze ukihesabu wateja.