Mfereji, Akiba na Kiwanja: Mashirika ya Hiari na Makazi ya Jiji Letu

Wakazi wa Pugu hawahitaji kufundishwa maana ya kuhama. Baadhi ya majirani zetu wa Pugu Mwakanga walifika huku yapata mwaka 2010, walipotakiwa kuondoka Kipawa ili kupisha upanuzi wa uwanja wa ndege. Kwa hiyo si vibaya kitabu cha miaka mia moja kikitenga kurasa chache kwa ajili ya mashirika ya hiari yaliyosaidia watu wa Dar es Salaam kujitengenezea makazi, nasi tutazame walichofanya hasa.

Mfano wa awali uko Kinondoni, katika mtaa wa Hanna Nassif kando ya bonde la Msimbazi. Mvua za masika zilikuwa zikiingia majumbani, kwani nyumba zilisongamana pasipo njia ya maji. Katika miaka ya 1990 Shirika la Kazi Duniani, pamoja na Ford Foundation ya Marekani na wafadhili wengine, walisaidia ujenzi wa mifereji na barabara. Jambo jipya lilikuwa hili: wakazi waliunda chama chao, chama kikawa mshirika katika mikataba ya kazi, na wanaume kwa wanawake wa mtaa wakachimba na kujenga kwa ujira. Barabara ilipokwisha, magari yaliyoingia yalitozwa ushuru kwa ajili ya matengenezo. Aliyewahi kuona mfereji wa jiji ukijaa takataka mwaka mmoja baada ya kuzinduliwa ataelewa uzito wa ushuru huo.

Lakini Hanna Nassif walibaki mahali pao. Watu wa Kurasini hawakujaliwa hivyo. Upanuzi wa eneo la bandari uliwaondoa maelfu katika miaka ya 2000, na hapo ndipo udhaifu wa fidia ulipojitokeza waziwazi: humtazama mwenye nyumba, ilhali wengi waliolala katika nyumba hizo walikuwa wapangaji. Mpangaji angeondoka na godoro lake na watoto wake, basi.

Baadhi yao walikuwa tayari katika vikundi vya kuweka akiba vya Shirikisho la Maskini wa Mijini Tanzania, lililoanza mwaka 2004 likisaidiwa na shirika lisilo la kiserikali la Centre for Community Initiatives. Akiba zenyewe zilikuwa ndogo sana, za kuwekwa kidogo kidogo. Hata hivyo ziliwafanya watu wafahamiane na kuaminiana, na wapangaji na wenye nyumba wakakaa katika kikao kimoja. Kwa nguvu hiyo walinunua ekari 30 huko Chamazi, Temeke. (Siku hizi jina la Chamazi huwakumbusha vijana wetu uwanja wa mpira tu.)

Kupata ardhi hakukumaliza shida. Ilibidi wajadiliane na Manispaa ili wakubaliwe viwanja vidogo kuliko kipimo cha kawaida, maana kwa kipimo kile maskini wachache tu wangepata nafasi. Wanachama walijifunza kufyatua tofali za kufungamana papo hapo. Nyumba ilianza na sehemu ndogo, mwenyewe akaiongeza alivyopata uwezo. Majitaka yalikusanywa kwa mabomba na kupitishwa katika eneo oevu lililopandwa mimea ya kuyasafisha.

Haifai kuipamba habari hii kupita kiasi. Kurasini mtu alikuwa karibu na bandari na kibarua chake; Chamazi ni mbali, na nauli ya kila siku hula fedha ileile iliyopaswa kurejesha mkopo wa nyumba. Wapo waliochelewa kuhamia, na marejesho yalisuasua. Pugu twaijua hesabu hiyo ya nauli: anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi gari la mjini huongeza chumba chake kwa tofali chache kila mwaka, na mlango huja baadaye.