Kodi ya Chumba na Jina la Mji: Mfano wa Las Vegas

Mji unaotaka wageni hauna budi kujulikana, na kujulikana kuna gharama. Suala la nani abebe gharama hiyo huonekana kuwa la wahasibu tu. Lakini historia ya Las Vegas, mji wa jangwani katika jimbo la Nevada, Marekani, yaonyesha kwamba ni suala la utawala, na hata la haki.

Mwaka 1940 mji huo ulikuwa na wakazi 8,422. Kamari ilikuwa imehalalishwa na jimbo tangu 1931. Vita vikuu vya pili vilipomalizika, wafanyabiashara waliogopa kwamba askari na vibarua wa viwanda vya vita wangeondoka na fedha zao. Ndipo mwaka 1945 Chemba ya Biashara, ikiongozwa na Maxwell Kelch, mwenye kituo cha redio, ilipoanzisha mfuko ulioitwa Live Wire Fund. Kila mwenye biashara aliombwa atoe sehemu ndogo ya mapato yake ya mwaka. Aliombwa tu, wala hakulazimishwa na sheria.

Kwa fedha hizo walikodiwa mafundi wa kutangaza, miongoni mwao Steve Hannagan, aliyekwisha kuujengea jina mji wa Miami Beach. Ikaundwa pia ofisi ya habari, ambayo wapigapicha wake waliyapelekea magazeti ya nchi nzima picha za bure za wageni wakistarehe; na gazeti lililopewa picha nzuri bila malipo halikuwa na sababu ya kuikataa. Serikali ya Marekani ilipoanza mwaka 1951 kulipua mabomu ya atomiki jangwani, mwendo wa kilomita mia moja hivi kutoka mjini, ofisi hiyo ilifanya hata wingu la bomu kuwa kivutio. Picha ya mwaka 1957 ya mcheza dansi aliyevikwa pamba kwa umbo la wingu hilo ilienea mbali. Msomaji wa Katanga hatakosa kukumbuka Shinkolobwe, ilikochimbwa sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya 1945. Mgodi huo ulifanywa siri wakati ule. Wingu, kinyume chake, liliuzwa kwa watalii.

Mfuko wa hiari, hata hivyo, ulikuwa na kasoro yake ya asili: aliyetoa na asiyetoa walikula sahani moja, kwa kuwa mgeni aliyevutwa na picha aliweza kulala popote. Tena mahoteli yaliongezeka upesi kuliko wageni. Katika mwaka 1955 peke yake zilifunguliwa Riviera, Dunes, Moulin Rouge na nyingine. Moulin Rouge ilifunga milango kabla ya mwaka huo kwisha. Mwaka huohuo bunge la Nevada liliunda halmashauri ya maonyesho na burudani ya wilaya ya Clark, ambayo iligharimiwa kwa kodi ya chumba. Tangu hapo mgeni mwenyewe alilipia, juu ya bei ya kitanda chake, kazi ya kuwaita wageni wengine. Jumba la mikutano lililojengwa kwa mpango huo lilifunguliwa mwaka 1959, ili makongamano yajaze vyumba katikati ya juma na katika miezi ya ukame wa biashara. Werevu wa mpango huo wafahamika: mgeni halalamiki sana kuhusu kodi ya siku mbili, wala hapigi kura mjini.

Lakini si kila mgeni aliruhusiwa kuilipa. Katika mahoteli ya barabara iitwayo Strip, Mweusi aliweza kufua shuka, au kuimba jukwaani kama Nat King Cole na Sammy Davis Jr., ila asilale humo. Moulin Rouge iliyofungwa ndiyo ilikuwa hoteli kubwa ya kwanza mjini kupokea watu wa rangi zote.

Mwezi wa Machi 1960 chama cha NAACP cha mji, chini ya daktari wa meno James McMillan, kilitangaza kwamba Weusi wangeandamana kwenye Strip ikiwa ubaguzi hautakomeshwa. Tarehe 26 Machi makubaliano yalifikiwa, tena katika jengo la Moulin Rouge, na milango ikafunguliwa. Ingekuwa vigumu kuamini kwamba wenye mahoteli waliguswa moyo kwa siku chache. Miaka kumi na mitano ya fedha ilikuwa imetumika kuyazoesha magazeti kutazama Las Vegas. Maandamano yangepigwa picha kwa macho hayohayo. Jina lililonunuliwa kwa ghali likawa silaha mikononi mwa wasioshirikishwa katika kulinunua. Silaha hiyo ilikuwa na kikomo: iliwafungulia wageni Weusi vyumba, lakini wafanyakazi Weusi walingoja hadi mwaka 1971 kupata amri ya mahakama juu ya kuajiriwa bila ubaguzi.

Kodi yenyewe iliendelea kukua. Mwaka 2016 bunge la jimbo liliipandisha ili itoe dola milioni 750 za kujengea uwanja wa mpira. Uwanja ulikamilika mwaka 2020, wakati wa janga la Covid-19. Wageni, waliokuwa milioni 42.5 mwaka 2019, walishuka hadi milioni 19, na timu ikacheza msimu wake wa kwanza mbele ya viti vitupu.