Mali Kauli na Sheria ya Deni katika Bonde la Kilombero

Miongoni mwa maneno ya biashara katika Kiswahili, ni machache yaelezayo asili ya mkopo kwa ufupi kama “mali kauli”, yaani mali itolewayo kwa neno tu, malipo yakingojewa baadaye. Katika karne ya 19 matajiri wa Unguja na wa mrima waliwapa wasafiri wa bara nguo na shanga kwa njia hiyo, ili walipwe kwa pembe. Hamed bin Muhammed, aitwaye Tippu Tip, alikopeshwa mali na Taria Topan. Dhamana kubwa ilikuwa heshima ya mtu.

Katika bonde la Kilombero haja ya mkopo yatokana na mpunga. Mkulima wa Ifakara, na wa Kibaoni iliyomo katika mji huo, hupanda wakati wa mvua na kuvuna mvua zikiisha. Kati ya siku hizo mbili hana budi kupata jembe, nguo na chumvi. Kwake mkopo si anasa, bali ni kivuko cha kutoka kupanda hadi kuvuna.

Serikali ya Kiingereza ilipotawala Tanganyika iliingilia jambo hilo kwa sheria ya mwaka 1923, na tena kwa ile ya 1931. Mfanyabiashara asiye Mwafrika hakuweza kumdai Mwafrika barazani, isipokuwa mapatano yao yameandikwa na kukubaliwa na Bwana Shauri. Nia iliyotajwa ilikuwa njema: kumlinda mwananchi asizame katika deni. Lakini tuyapime matokeo yake. Mwenye duka aliyejua kwamba hatasikizwa barazani alikuwa na njia mbili: kukataa kukopesha, au kukopesha kwa bei ya juu ili kufidia hatari yake. Njia zote mbili zilimwumiza yule yule aliyekusudiwa kulindwa. Tume ya Kifalme ya Afrika Mashariki, ya miaka 1953 hadi 1955, nayo iliona kwamba vizuizi hivyo vilikwamisha biashara ya Waafrika.

Hapa lugha yatusaidia. Kwa Kiswahili mkopeshaji ni “mwia”, na mkopaji ni “mwiwa”. Ni kitenzi kimoja, kutenda na kutendwa. Mmoja hawi bila mwenziwe. Sheria iliyomnyang’anya mwia haki ya kudai ilimnyang’anya mwiwa haki ya kuaminiwa. Asiyeweza kudaiwa hawezi kukopeshwa.

Neno la pili ni “kufilisika”. Latoka katika Kiarabu, nalo ni jamaa ya “fulusi”, sarafu ndogo za shaba: muflisi ni mtu ambaye mali yake imeshuka hata akabakiwa na hizo tu. Sheria ya kufilisika ya Tanganyika, ya mwaka 1930, iliweka utaratibu: mali ya mdeni hukusanywa chini ya baraza, wakagawiwa wadai wake kwa kadiri ya haki zao, naye mdeni aweza hatimaye kufunguliwa mzigo wake. Basi kufilisika kisheria si aibu tupu. Ni mwisho wenye mpaka. Bali deni lisilotambuliwa na baraza halina mpaka. Humfuata mtu kwa masimango msimu hata msimu.

Mwaka 1961, mwaka wa Uhuru, Tanganyika ilipata Sheria ya Mikataba badala ya ile ya Kihindi ya 1872. Kwa sheria hiyo mwenye kupatana hutazamwa umri wake na akili zake, wala haulizwi kabila lake. Mwaka 1971 ikafuata sheria ya ukomo wa madai, iliyoweka miaka sita kwa madai ya mkataba.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Historia hii yaongeza kwamba kinga ya deni ni kuandika. Kauli haikufa Kilombero. Imepata karatasi ya kuishuhudia, na mkulima amekuwa mtu awezaye kudai na kudaiwa.