Jiko ni Matunzo: Funzo Kutoka Ngara

Juma hili nataka tuzungumze juu ya jiko. Najua wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya nyumbani, hayana nafasi katika historia. Mimi nasema historia ya wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, haiandikiki ikakamilika pasipo jiko.

Tarehe 28 na 29 Aprili, 1994, katika muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara. Walikuwamo waliokimbia kuokoa maisha yao, na walikuwamo waliokimbia matendo yao wenyewe. Wote walikuwa na njaa. Kambi ikasimama Benaco, mahali palipoachiwa jina na kampuni ya ujenzi wa barabara.

Dunia ilihangaika kuleta maturubai, mablanketi, mahindi na maharage. Lakini maharage makavu hayaliwi mabichi, na kuni hazikuja na malori yale. Kuni zilitafutwa vilimani. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilikadiria kwamba, mambo yalipopamba moto, kambi za Kagera ziliteketeza zaidi ya tani 1,200 za kuni kila siku. Hesabu mwenyewe: lori la tani 10 lingelazimika kwenda safari 120 kwa siku! Hadi wakimbizi wa Rwanda walipoondoka, Desemba 1996, misitu ya eneo la kilometa za mraba 570 ilikuwa imeguswa, na kati ya hizo kilometa 167 ziliharibiwa vibaya. Mapori ya akiba ya Burigi na Biharamulo nayo hayakusalimika. Na mwanakijiji wa Ngara, ambaye hakualika mtu wala hakupigana na mtu, alijikuta akitembea mbali zaidi kutafuta kuni za ugali wake.

Ndipo yalipohimizwa majiko ya udongo. Sababu yake ni nyepesi kueleweka. Moto wa mafiga matatu hupeperushwa na upepo. Sehemu kubwa ya joto lake haifiki chunguni. Jiko lenye kuta huukusanya moto ule na kuuelekeza chini ya chungu. Lakini jiko la udongo si jiwe. Likikaushwa juani kwa haraka hupasuka. Likiachwa nje mvua ya Ngara hulirudisha kuwa tope. Ufa usipozibwa, joto hutorokea hapo, na jiko sanifu likawa halina tofauti na mafiga yale yale. Majivu yasipozolewa, hewa haipiti, na moto hujaa moshi.

Kwa hiyo jiko peke yake halikutosha. Ilibidi pia kuni zipasuliwe na kukaushwa, kwa maana ukuni mbichi hula moto wake wenyewe kwa kukausha maji yaliyomo ndani yake. Maharage yalowekwe usiku kucha. Chungu kifunikwe. Moto uzimwe chakula kikiiva. Hayo hayahitaji mfadhili wala mtaalamu kutoka ng'ambo. Yanahitaji mkono unaojali.

Ninayakumbusha hayo kwa sababu leo wimbo ni gesi. Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, shabaha yake ikiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo mwaka 2034. Naliunga mkono jambo hilo kwa mikono miwili. Lakini kugawa mtungi ni siku moja; kuutunza ni kila siku.

Tazama majiko ya gesi ya kuchomea nyama yaliyoko uani na kwenye baa zetu za mijini. Mafuta yameganda chini, yakingoja siku ya kushika moto. Vitundu vya kutolea moto vimezibwa na masizi, na mwali uliopaswa kuwa wa buluu umekuwa wa njano, unapaka sufuria weusi na kumaliza gesi bure. Mpira umechanika kwa jua, na mwenyewe anautafuta uvujaji kwa kiberiti! Ndugu yangu, paka povu la sabuni kwenye maungio. Likitoa mapovu, funga mtungi. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutuama chini ikikusubiri. Kwangua wavu, zibua vitundu, funika jiko mvua inaponyesha, na mtungi usimame wima.

Wakimbizi wa Benaco hawakuchagua jiko lao wala mahali pa kulijenga. Sisi tunachagua. Jiko likifa kwa uzembe wetu, tutarudi kwenye mkaa, na mkaa hutoka kwenye mlima wa mtu mwingine, kama vile kuni zile zilivyotoka Ngara. Wahenga walisema: kitunze kikutunze.